Vipande Tisa Ndani ya Kasha Langu

Asifiwe Bwana aliyenisimamisha hapa leo, ndugu zangu. Nasema amenisimamisha kwa sababu mwenyewe nilitaka kubaki pale kwenye benchi, na mdomo wangu, ambao nyote mnaujua, leo umekauka. Mwalimu Elia, anayetuongoza hapa kanisani, ameniomba niseme kwa kifupi. Nitajaribu, ila asinitazame sana.

Mimi ni Damari, mpika vitumbua. Baba yangu alikuwa Mzigua wa huko Msata, mama yangu wa Kaole, na mimi nikaja kuolewa hapa karibu na shamba la mkonge. Mume wangu alipofariki sikuachiwa kitu ila nyumba ya makuti inayovuja na chuma cha kuchomea vitumbua. Nikajenga jiko mbele ya geti la shamba, nikaanza kupika. Uji asubuhi, vitumbua, mchana wali au ugali na dagaa ninaowanunua kwa wanawake wa Mbegani. Wengi wenu mmekula kwangu. Wengi wenu pia nimewatukana, na hao nawaomba wakae wasikilize mpaka mwisho.

Ndugu zangu, mnajua kazi ya mkonge inavyolipwa. Kila mtu ana kipande chake, karatasi ngumu yenye vyumba thelathini. Ukimaliza kazi ya siku, karani anatia alama katika chumba kimoja. Vyumba vikijaa vyote, unangoja Jumamosi ya mshahara, unakipeleka kipande mezani, unapewa fedha yako. Bila kipande hakuna fedha. Hata ukate mkonge mpaka mikono itoke damu, kama huna karatasi ile wewe hukufanya kazi.

Sasa mtu hali mara moja kwa mwezi. Ikifika katikati ya mwezi mifuko ya wanaume imekauka, na harufu ya vitumbua vyangu inavuka geti inaingia shambani. Wanakuja. "Mama Damari, nisaidie, nitakulipa siku ya mshahara." Nami nilikuwa mwerevu sana. Nikasema vizuri, baba, kula, lakini niachie kipande.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Mtu aliyekula bila fedha, kipande chake kililala kwangu. Asubuhi anakuja mlangoni kukichukua aende nacho kazini, jioni anakirudisha. Kikishajaa, kinaingia ndani ya kasha langu na hakitoki mpaka Jumamosi ya mshahara. Siku hiyo nilivaa kanga mpya, nikaenda na kigoda changu, nikakaa kwenye kivuli cha ghala, mbali na macho ya mezani. Mwenye kipande akiitwa, namkabidhi, anakwenda, analipwa, anarudi kwangu, mkono wangu umekwisha kunyooka.

Na bei, ndugu zangu, zilikuwa mbili. Nasema haya mbele ya Mungu. Kulikuwa na bei ya senti na bei ya kipande. Mwenye senti mkononi alipata kitumbua cha moto, na kama alikuwa mcheshi nilimwongezea kimoja. Wa kipande alipata vya asubuhi vilivyokwisha kuwa vigumu, na bei yake mara mbili. Akinung'unika, namwambia aende akale majani ya mkonge. Nilijiona mama wa watu wote. Nilisema, bila mimi hawa wangekufa njaa. Mpaka nikaamini.

Kitu kimoja kilinisumbua. Sikujua kusoma. Karani aliandika jina na namba ya mtu pembeni mwa kipande, lakini kwangu mimi vyote vilikuwa sawa, mikwaruzo mitupu. Mara mbili nilimpa mtu kipande cha mwenzake, nusura wapigane. Nikafikiri, nikapata dawa. Nilijua kila mtu anapenda kula nini, kwa hiyo nikavitia alama kwa chakula. Huyu mpenda dagaa, nilikipaka kipande chake mchuzi wa dagaa kidogo. Huyu wa sukari guru, nikapaka sukari guru. Mwingine mafuta ya nazi, mwingine bizari, mwingine tui. Kikikauka, nanusa tu, najua ni cha nani. Niliona akili zangu zinazidi za karani. Wanaume walicheka, wakasema Mama Damari anasoma kwa pua. Nami nikacheka nao, maana ilikuwa kweli.

Katika hao wa vipande alikuwako kijana Msukuma, jina lake Masanja. Ndiye wa dagaa. Mtu mrefu, mpole, akicheka unaona meno yote mpaka ya nyuma. Alipotoka kwao alimwacha mkewe mja mzito. Akiwa hapa ikaja barua, Mwalimu Elia akamsomea: mtoto ni wa kiume, mzima. Ikaja ya pili: mtoto anatambaa. Ya tatu ilisema mtoto anatembea, na anamwita baba kila mwanamume anayepita njiani. Masanja alicheka sana siku ile, kisha akaenda akakaa nyuma ya jiko langu peke yake. Aliporudi akaniambia, "Mama, kipande hiki kikijaa, naondoka. Siwezi tena." Kikajaa. Nami nikakitia ndani ya kasha pamoja na vingine vinane. Jumamosi ya mshahara angelipwa saa sita, na alasiri lori la shamba lingempeleka Msata akapande gari la bara. Lori lile huenda mara moja kwa mwezi. Alikwisha kufunga mzigo wake. Alikuwa amenunua na shati la mtoto, analionyesha watu mpaka tukachoka.

Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuanza kuja hapa kanisani. Nakiri, nilikuja kwa ajili ya kuimba. Sauti ninayo, Mungu hakuninyima. Niliimba, nikalia, nikasema nimeokoka, na Jumatatu nikarudi kwenye kasha langu. Hakuna aliyeniuliza juu ya vipande, na mimi sikuona kwamba vinahusu.

Ijumaa, kesho yake ni mshahara, nilifungua kasha asubuhi nivipange. Ndugu zangu, nilidhani nimekosea kasha. Kanga zangu zilikuwepo. Senti zangu za mauzo, zile zenye tundu nilizozitunga kwenye uzi, zilikuwepo zote. Vipande havikuwepo. Palikuwa na rundo la takataka za karatasi, na katikati yake panya amejitengenezea kitanda, amezaa. Vitoto vyekundu, havijafumbua macho, vimelalia mishahara ya watu tisa.

Nilikaa chini. Niliwatazama wale panya, nao wananinusa. Ni mimi niliyewapakia mchuzi. Ni mimi niliyewaandalia, kila karatasi na kitoweo chake, kama karamu ya arusi. Uzi wa senti hawakuugusa hata kidogo.

Sasa sikieni shetani alivyo na maneno mazuri. Alikuja papo hapo, hakuchelewa. Akaniambia, Damari, unaogopa nini? Ni marufuku mfanyakazi kuweka kipande rehani. Amri ya bwana mkubwa wa shamba, kila mtu anaijua. Atakayesema "kipande changu kilikuwa kwa mpika vitumbua" atatozwa faini yeye mwenyewe. Hawawezi kukushitaki. Wewe sema kasha limeibiwa. Vunja kufuli, lia kidogo, watu watakuhurumia. Ndugu zangu, nilikwisha kulichukua jiwe. Nilikuwa nimeliinua juu ya kufuli langu mwenyewe.

Likaniponyoka, likaniangukia dole gumba la mguu. Nililia kweli, wala si kwa kuigiza. Nikasema, Bwana, kama ni wewe, basi nimesikia.

Nikaja kwa Mwalimu Elia nachechemea. Nikamwambia, Mwalimu, tuombe. Akauliza tuombe nini. Nikamweleza yote, isipokuwa habari ya jiwe. Akasema, "Dada Damari, unataka tumwombe Mungu arudishe karatasi, au tumwombe usijulikane?" Nilikasirika. Nilimwambia kwamba nimekuja kwa mchungaji wa roho na sikuja kwa polisi. Nikaondoka. Nilifika kwenye mwembe wa pale njiapanda, nikasimama, nikarudi. Nikasema, tuombe nipate miguu ya kwenda kwa karani. Tukaomba hivyo.

Karani wetu ni Saidi, mtu wa mjini Bagamoyo, mnamjua, kanzu yake nyeupe hata siku za vumbi. Nilizikusanya zile takataka zote kwenye ungo, nikazifunika kwa kitambaa, nikamwendea ofisini. Watu njiani walidhani nampelekea maandazi.

"Shikamoo, Bi Damari," akasema. "Leo umetukumbuka."

"Marahaba, mwanangu. Funua."

Akafunua. Alitazama, akavuta pumzi, akapiga chafya. "Subhanallah. Mbona vipande vinanuka bizari?"

Nikamwambia. Nilimwambia kila kitu: rehani, bei mbili, mchuzi, panya. Sikuacha neno, maana nilijua nikiacha moja yote yatarudi ndani. Karani aliinamisha kichwa juu ya meza, mabega yanatikisika. Nilidhani analia kwa ajili ya wale watu. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanzu. Kisha akaacha kucheka, akaniambia, "Mama, hili ni zito. Bwana mkubwa halipi bila kipande. Lakini namba tukiziona, nitamwomba."

Tukakaa chini sakafuni, mimi na karani Saidi, tukaanza kuunganisha. Mimi nanusa, yeye anasoma. Nasema hiki ni cha yule wa sukari guru, yeye anatafuta pembe yenye namba. Tukafanya kazi mpaka adhana ya alasiri, akaenda kuswali, akarudi, tukaendelea. Namba sita zilipatikana. Sita, ndugu zangu! Zimetafunwa kando, lakini zinasomeka. Tatu hazikuonekana kabisa. Na katika hizo tatu mmoja alikuwa Masanja. Panya alianza na dagaa. Hakuacha hata chumba kimoja.

Asubuhi ya Jumamosi nilisimama mbele ya bwana mkubwa. Sikuwahi kumwona karibu hivyo. Karani akaeleza kwa Kizungu, mimi natazama viatu. Yule bwana aliutazama ungo, akanitazama mimi, akasema maneno mengi mafupi mafupi. Karani akanitafsiria. Wale sita watalipwa, na faini hatawatoza kwa sababu mwenye kosa amekuja mwenyewe. Wale watatu hana hesabu nao; ambaye hana kipande hakufanya kazi. Na mimi niondoe jiko langu mbele ya geti kabla jua halijachwa.

Nilitoka nje. Watu wangu tisa walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ghala, wamevaa vizuri, wanangoja. Masanja alikuwa na mzigo wake na lile shati la mtoto limekunjwa juu. Aliponiona bila kasha wala kigoda, akasimama.

Niliwaambia nikiwa nimesimama. Sikupamba. Sita walishusha pumzi, mmoja akanitukana, na nikaona amenitukana kidogo kuliko haki yangu. Wale wawili wengine walishika vichwa. Masanja hakupiga kelele. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza njia, "Mama, lakini mimi nimekata siku thelathini. Si uliniona?"

Nilimwona. Kila siku nilimwona, kwenda na kurudi, majani ya mkonge yamemchoma mikono. Hakuna mtu katika shamba lile aliyejua vizuri kuliko mimi kwamba alifanya kazi, kwa sababu kila jioni nilimpokonya ushahidi wake mkononi.

Nikamwambia, ngoja hapa, usiende popote.

Sasa nitawaambia jambo ambalo hata jirani zangu hawakulijua. Chini ya mafiga ya jiko langu nilikuwa nimezika debe dogo. Faida yote ya bei ya kipande ilikuwa mle, shilingi na sumni, miaka na miaka. Nilikuwa nataka bati. Mvua za masika zikinyesha, kitanda changu nakihamisha mara nne usiku mmoja, na nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimekwisha kumwuliza Mhindi wa mjini bei ya mabati, nimechagua, nimeyagusa kwa mkono. Yalikuwa yamebaki majuma machache tu.

Nilichimba. Sitasema nilichimba kwa furaha, nisiwadanganye kanisani. Nilichimba nikigombana na Mungu kwa sauti. Nilimwambia, wewe una nyumba, huvujiwi. Nilimwambia, nipunguzie basi, nilipe nusu. Nikafikiria yule mtoto anayeita kila mwanamume baba. Nikachimba kwa haraka zaidi. Debe likatoka, likiwa zito, na jivu limeniingia machoni.

Nikarudi nalo kichwani. Nilikaa chini pale pale penye kivuli cha ghala, mbele ya watu wote, nikawalipa wale watatu, mshahara mzima kwa kila mmoja, kama ambavyo wangelipwa mezani. Nikawaambia chakula walichokula kwangu mwezi ule wasinilipe. Karani Saidi alitoka ofisini kutazama. Ya wa kwanza niliihesabu mara tatu kabla ya kuiachia. Ya wa pili, mara mbili. Nilipofika kwa Masanja nilihesabu mara moja tu, na ndugu zangu, kifuani mwangu kitu kikafunguka. Sijui kukieleza. Nilianza kucheka. Debe lilikuwa limebaki na fedha ya kununulia misumari tu, bati hakuna, na mimi nacheka mbele ya geti kama mwendawazimu. Hapo ndipo nilipookoka. Zile siku za kuimba nilikuwa nafanya mazoezi.

Masanja aliishika fedha ile viganjani, akaitazama kwa muda mrefu. Mnajua, kwa miezi yote aliyokaa hapa, mshahara wake hakuwahi kuushika wote. Ulitoka mezani ukapita kwake ukaingia kwangu. Mimi nikawasha moto tena, nimalize unga wa mwisho kabla ya kuhama, na alasiri lori likapiga honi. Masanja akakimbia, akapanda, akakaa juu ya mzigo wake. Kisha nikamwona anashuka tena. Watu wanampigia kelele, dereva anatukana, yeye anakuja kwangu kwa hatua ndefu.

Akasema, "Mama, vitumbua vya njiani. Vinne. Nataka vya moto."

Nikamwambia achukue, nampa bure. Akakataa. Alitikisa kichwa, amenyooka kama askari. "Leo nanunua," akasema, akaninyooshea shilingi.

Nikamfungia vinne vya moto. Akavipokea, lakini hakuondoka. Honi inalia, yeye amesimama na mkono wazi mbele yangu. Nikamwuliza nini tena, baba.

"Chenji yangu, mama."

Ndugu zangu, tangu nianze biashara ya vipande sikuwahi kumrudishia chenji mtu wa kipande. Nilifungua uzi wangu wa senti, nikamhesabia moja moja kiganjani, kwa bei ya senti, mpaka ya mwisho. Akazihesabu na yeye. Zilikuwa sawasawa. Akacheka meno yote, akakimbia, na safari hii lori likaondoka naye.

Leo jiko langu liko barabarani, mbali na geti, na mnalijua. Bei ni moja. Aliye na senti analipa, asiye nayo anakula na kuniambia siku atakayoleta, na kipande chake kinabaki mfukoni mwake. Wapo wasioleta. Siwasemi majina, lakini wawili wako hapa ndani na wanatazama dari. Nyumba yangu ni ya makuti bado. Mvua ikinyesha nahamisha kitanda, na nikiwa nahamisha naimba, jirani zangu watawaambieni.

Namshukuru Bwana kwa Mwalimu Elia aliyeniuliza lile swali, kwa karani Saidi aliyekaa sakafuni na kanzu yake nyeupe, na kwa panya, ndiyo, na kwa panya. Na wewe ndugu yangu uliyekaa hapo nyuma karibu na mlango, sijui una nini cha mwenzako ndani ya kasha lako. Wewe unajua. Mungu unayemwogopa ndiye atakayekushika mkono njiani. Mimi alinishika na nilikuwa nagombana naye. Usikirudishe kwa kumtuma mtu. Mpelekee mwenyewe, umwekee kiganjani huku anakutazama, na akidai chenji, mpe.